Kifua cha Ngatia Mwenye Bucha

Mwezi wa saba huko Nyeri si mwezi wa kuvua shati. Ukungu unashuka asubuhi na unakaa tu, kama mgeni asiye na haja ya kurudi kwao, na mtu anavaa sweta juu ya sweta halafu kabuti juu ya zote. Lakini Jumatatu hiyo, miaka kama minne hivi baada ya uhuru, wanaume kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi ya hospitali moja pale mjini, vifua wazi, mashati mkononi, wanatetemeka kama kuku walionyeshewa. Wa saba kwenye benchi hiyo alikuwa Ngatia, mwenye bucha ya Giakanja.

Hawakuja kwa kupenda. Bwana afya alikuwa ametoa amri: kila mtu anayechinja ama kuuza nyama alete cheti ya daktari kwamba kifua chake ni kizima. Mapafu hayana kikohozi kibaya, moyo unafanya kazi yake. Asiye na cheti hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, laiseni yake inapewa mtu mwingine. Na kwa Ngatia, huyo mtu mwingine alikuwa ameshajulikana. Alikuwa Ndungu, muuza ndizi, ambaye kwa wiki mbili alipita pale bucha akisalimia kwa heshima nyingi na kupima baraza kwa kamba, ati anatafuta tu urefu wa kamba yake.

Ngatia hakusoma shule. Shule yake ilikuwa kisu. Tangu atahiriwe alikuwa anachuna mbuzi, kwanza za harusi na za wazee, halafu za bucha yake mwenyewe, na kifua cha mnyama alikijua kuliko uso wake. Alijua kidari kinaanzia wapi na mafuta yake yanalala vipi, ubavu gani ni mrefu na gani ni wa uongo, haufiki mbele. Kwa hiyo pale benchi, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kutazama, alitazama wenzake kwa jicho la kazi.

Wa kwanza alikuwa mpishi wa hoteli, kifua kimeanguka na kukaa juu ya tumbo, chuchu zinatazama chini kama zimetukanwa. Wa pili alikuwa mwembamba, mbavu unahesabu bila kumgusa, na pale mifupa miwili ya shingo inapokutana kulikuwa na shimo ungeweza kuweka yai. Wa tatu alikuwa askari wa zamani wa vita ya Wazungu, kifua kama mlango wa ghala, nywele zimejaa mpaka kitovuni, na anakipanua kila nasi, muuguzi wa kofia nyeupe, akipita. Mwingine alikuwa na mfupa wa katikati umechomoza mbele kama wa jogoo. Ngatia mwenyewe alikuwa mpana, kwa sababu ya kubeba ng'ombe nusu nusu mabegani, nywele chache za katikati zimeanza mvi, na chini ya titi la kushoto kovu la pembe ya fahali mmoja kutoka Timau aliyekataa kufa siku yake.

"Wewe mzee," yule askari akamwambia, "hiyo kifua ni ya kazi. Wewe utapita tu."

"Nipite nisipite, nataka shati yangu," Ngatia akasema.

Daktari alikuwa kijana wa Meru, Zachary Murithi, amerudi juzi juzi kutoka ng'ambo. Koti lake lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho. Ngatia alipoingia alimkagua haraka: mabega ya mtoto wa shule, kifua kama cha mbuzi wa kiangazi. Daktari akaweka ile mipira masikioni, akabandika kile chuma baridi chini ya titi la kushoto, karibu na kovu.

Akasikiza. Akasogeza kidogo. Akasikiza tena. Uso ukakunjika.

"Mzee, unachoka ukipanda mlima?"

"Nimekuja na baiskeli kutoka Giakanja. Hiyo ni mlima mbili."

"Unasikia kizunguzungu?"

"Nasikia baridi."

Daktari akasogeza chuma tena, juu, chini, akarudi palepale. "Moyo wako nausikia mbali sana. Kama mtu anabisha mlango nyumba ya tatu."

"Ni kwa sababu unabisha nyumba ya jirani," Ngatia akasema. Akagonga kifua chake na kidole, upande wa kulia. "Moyo iko hapa."

Daktari akatabasamu, lile tabasamu wanalopewa watoto na wazee. "Hapo ni pafu, mzee. Na chini yake ini. Nenda chumba cha picha."

Chumba cha picha kilikuwa cha Moffat. Moffat alikuwa mtu mnene wa Kenol, mcheshi, mwenye kupenda mashine yake kama ng'ombe wa maziwa. Alimsimamisha Ngatia, akamwambia akumbatie lile bati baridi kama bibi yake, avute pumzi, ashikilie. Mashine ikalia. Baadaye Ngatia, akingoja mlangoni, alimwona Moffat akitoka na ile picha nyeusi ikidondosha maji, akaiinua kwenye dirisha, akashangaa, akasonya, "Ah, nimeiweka kinyume tena," akaigeuza upande mwingine, akaandika kwa wino mweupe pembeni, akatabasamu. Ngatia hakuelewa kitu. Picha ni picha.

Daktari akaitazama ile picha kwenye taa. Mapafu safi. Moyo si mkubwa, umekaa mahali pake upande wa kushoto kama wa mtu yeyote. Akarudi kwa kifua cha Ngatia, kushoto, akasikiza. Mbali. Akatazama picha. Karibu. Akakuna kichwa.

"Rudi Jumatano. Tutapiga nyingine."

"Na cheti?"

"Jumatano."

Jumatano akarudi. Bucha ilifungwa siku hiyo, na Ndungu alipita akauliza kwa huruma kama kuna mgonjwa. Vifua vilikuwa vingine kwenye benchi, baridi ilikuwa ileile. Moffat alipiga picha, akaiinua dirishani, akajilaumu kwa sauti kwamba siku hizi akili yake iko wapi, akaigeuza. Daktari akaitazama. Akasikiza kushoto kwa muda mrefu, macho amefunga.

"Mzee Ngatia," akasema pole pole, "nisikie vizuri. Picha yako ni nzuri lakini moyo wako una sauti dhaifu. Siwezi kuweka sahihi kwamba wewe ni mzima. Usibebe vitu vizito. Pumzika miezi mitatu, halafu urudi."

Ngatia akahisi damu imepanda mpaka masikioni. "Miezi mitatu? Jumamosi ndiyo mwisho!"

"Moyo ni muhimu kuliko bucha."

"Atiriri, kijana yangu, nisikize..."

"Mimi ni daktari."

"Daktari, basi. Weka hiyo kitu yako hapa. Hapa kulia. Mara moja tu."

"Moyo haukai hapo."

Hapo sasa Ngatia akafanya kosa. Angerudia tu kwamba moyo wake uko kulia, pengine daktari angesikiza, hata kama ni kumnyamazisha. Lakini yeye alikuwa anajua kazi yake, na mtu anayejua kazi yake akikasirika anataka kufundisha.

"Kukaa haukai vipi? Mimi nimefungua mbuzi nyingi kuliko wewe umefungua vitabu! Nikifungua kifua, moyo inaangukia mkono wangu wa kulia. Kila siku. Mbuzi, kondoo, ng'ombe ya Timau, yote! Moyo ya kila kitu iko kulia. Walikufundisha kushoto ni nani?"

Mlango ulikuwa wazi. Benchi yote ikacheka. Mmoja akapaza sauti, "Daktari, andika haraka, mwalimu anafuta ubao!" Na mwingine, "Mwenye bucha, nipe ratili mbili za moyo, na uchukue upande wowote!"

Daktari hakucheka. Alikuwa mgeni, kijana, na wazee wanamcheka ama wanacheka karibu yake, hakujua ni gani. Akafunga faili. "Mtu wa pili aingie."

Njia ya kurudi Giakanja ni ya kupanda na kushuka, na siku hiyo Ngatia aliisukuma baiskeli hata mahali pa kushuka. Alikuwa anaongea peke yake. Akina mama wa kuchuma majani chai walimsalimia hakujibu. Kitu kilichomuuma si kukataliwa. Serikali ya Mzungu ilimkataza vitu vingi, na alizoea. Kilichomuuma ni kwamba dawa ya hiyo shida ilikuwa kusogeza chuma kidogo tu, upana wa mikono miwili, kutoka hapa mpaka hapa, na mtu mzima aliyesoma hakutaka kusogeza.

Nyumbani Watiri, bibi yake, alimwekea githeri hakula.

"Amesema moyo yangu ni dhaifu."

Watiri akacheka. "Hiyo moyo inanipigia masikio kama ngoma usiku kucha?"

"Si ndiyo nimemwambia! Wewe unalalia upande gani?"

"Huu," Watiri akagusa kifua cha Ngatia, upande wa kulia. "Ndiyo moyo iko."

"Basi," Ngatia akasema. "Hata wewe hujasoma na unajua."

Ijumaa alikuwa na mbuzi wa kuchinja, maana kulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, kwa jirani na ahadi ni ahadi, laiseni iwe imekufa ama iwe hai. Simeon, mchunaji mwenzake, alikuja kumsaidia. Simeon alikuwa mtu wa maneno machache na kisu chepesi. Wakamlaza mbuzi wa kwanza kwa mgongo juu ya majani, kama kawaida. Simeon akakaa upande wa kichwa, ameshika miguu ya mbele. Ngatia akakaa upande wa miguu ya nyuma, akafungua kutoka tumboni kwenda juu, akapasua kidari.

"Tazama!" akasema. Alikuwa amengojea hiyo dakika siku mbili. "Moyo hii hapa. Imelalia upande gani?"

Simeon akachungulia. "Kushoto."

"Kushoto wapi? Wee! Hii mkono yangu ni gani?"

"Hiyo ni kulia."

"Na moyo?"

"Iko upande wa hiyo mkono yako. Lakini kwa mkono yangu mimi ni kushoto."

Ngatia akamtazama kama amemtukana. Simeon naye hakuwa na ubaya, alikuwa amekaa tu mahali alipokaa miaka kumi na minne, na kwake moyo wa mbuzi ulikuwa siku zote upande wa kushoto. Hawakuwahi kuulizana. Nani anamuuliza mwenzake kitu kama hicho?

"Sasa ni ya nani tutafuata? Yangu ama yako?"

"Tufuate ya mbuzi," Simeon akasema.

Hilo neno lilimpiga Ngatia. Akaweka kisu chini. Halafu akainuka, akaenda kwenye ua ambapo mbuzi watatu walikuwa wamefungwa wakingoja zamu, akasimama kando ya wa kwanza. Akageuka na kutazama alikotazama mbuzi, wote wawili wakielekea mto, kama watu wawili wanaotembea njia moja. Akainama. Mkono wake wa kushoto, mguu wa kushoto wa mbuzi. Mkono wa kulia, mguu wa kulia. Akaweka kiganja nyuma ya kiwiko cha kulia cha mbuzi, kwenye mbavu. Kidogo sana, kwa mbali. Akakipeleka kushoto. Tu-tu-tu-tu-tu, kama anataka kutoka.

Akaenda kwa wa pili. Kushoto. Wa tatu, kushoto.

Kumbe miaka yote hiyo mbuzi alikuwa amelala akimtazama yeye, uso kwa uso kama mtu unayesalimiana naye, na kushoto kwake mbuzi ndiko kulikuwa kulia kwake Ngatia.

"Simeon, fungua shati."

"Mimi?"

"Fungua bwana, sikuli."

Simeon akafungua, akitazama kisu kilichobaki pale chini. Ngatia akasimama nyuma yake, akazungusha mikono kama anamkumbatia, asikosee tena upande, akaweka viganja viwili juu ya hicho kifua kilaini kisicho na nywele. Kushoto ndiko kulikuwa kunapiga.

Watiri akatokea na birika ya chai, akawakuta hivyo. "Baba Gathoni?"

"Simama hapo. Weka chai chini. Geuka."

"Ni nini?"

"Geuka tu, nataka kushika kifua."

"Mchana hivi! Na Simeon yuko?"

"Mimi naenda kutafuta maji," Simeon akasema, na akaenda akiwa bado na vifungo wazi.

Watiri pia. Kushoto.

Ngatia akakaa kwenye gogo la kukatia nyama. Akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe, kushoto, akangoja kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kimya, na mlio mdogo wa mbali, nyumba ya tatu. Akaupeleka kulia. Ngoma.

"Ni mimi," akasema. "Mimi peke yangu ndiyo kombo."

Watiri akakaa chini kando yake. Ngatia akamgeukia na hasira yote ya wiki. "Miaka ishirini na mbili unalala hapo na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Nimelalia kifua ya nani mwingine nilinganishe?"

Ngatia akachukua birika, akamimina chai. Hakutaka lile swali liendelee.

Jumamosi waliondoka wote wawili mapema, Watiri amekaa nyuma ya baiskeli. Njia nzima Ngatia alipanga maneno. Ataanza kwa kuomba msamaha. Atasema daktari yuko sawa juu ya watu wote na mbuzi wote. Halafu atasema juu yake mwenyewe, pole pole, bila kufundisha.

Benchi ilikuwa imejaa. Jumamosi ya mwisho, na kila mtu aliyengojea siku ya mwisho alikuwa pale na kifua chake. Saa tatu ikapita. Saa nne. Nasi mmoja akatoka akasema mashine imekataa kidogo, wangoje. Ofisi ya bwana afya ilikuwa ng'ambo ya mji, karibu na soko, na inafungwa saa saba kamili. Ngatia alikuwa na shati mkononi na ngozi yake imefanya vipele vya baridi kama kuku aliyenyonyolewa. Saa tano. Kila mtu aliyeingia alikaa ndani kana kwamba anazaa.

Saa sita na robo akaitwa. Daktari alipomwona, mabega yake yakashuka.

"Mzee, tulisema miezi mitatu."

"Daktari, nimekuja kuomba radhi. Nilikosea. Moyo ya watu wote iko kushoto."

"Vizuri." Daktari akatabasamu kwa uchovu. "Nashukuru."

"Hata ya mbuzi."

"Hata ya mbuzi, ndiyo. Basi nenda upumzike."

"Lakini yangu iko kulia."

Tabasamu likafa. "Tumerudi palepale."

"Hatujarudi! Jumatano nilisema ya watu wote, leo nasema ya mtu mmoja. Hiyo si palepale!"

"Nimepiga picha yako mara mbili, mzee. Mara mbili! Nimeona moyo wako kwa macho yangu, upande wa kushoto. Unataka niamini wewe ama picha?"

Unaweza kubishana na mtu. Na picha utabishana nayo vipi? Alisikia mikono yake inatafuta kitu cha kushika, na kwa mara ya kwanza aliona bucha na Ndungu ndani yake, kamba na ndizi na yote. Akagonga kifua chake upande wa kulia. "Ungeweka tu hapo. Siku ya kwanza ungeweka tu hapo."

Ni Watiri alisukuma mlango. Alikuwa amesimama nje akisikia yote.

"Daktari, samahani. Mimi ndiyo bibi yake. Hiyo kifua nimeilalia miaka ishirini na mbili, na nimezaa hapo watoto sita. Picha yako imeilalia siku ngapi?"

Daktari akamtazama huyu mama wa leso na viatu vya tope. Labda alimfananisha na mama yake huko Meru, nani anajua. Labda alikuwa tu amechoka na njia ya haraka ilikuwa kukubali. Akaweka mipira masikioni, akapeleka chuma upande wa kulia, chini ya titi.

Akaruka. Kweli aliruka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mtu amesimama hapo.

Akasikiza tena. Akaenda kushoto, akarudi kulia. Akaondoa mipira, akaweka sikio lake lenyewe, shavu lote kwenye nywele za Ngatia, akakaa hapo.

"Moffat!" akaita. "Moffat! Lete picha za huyu mzee!"

Moffat akaja na bahasha, anapumua. Daktari akauliza kwa sauti ndogo, "Ulipotoa hizi, zilikuwa hivi?"

Moffat akatazama sakafu. "Zilikuwa kinyume, daktari. Nilifikiri nimekosea kuweka, nikageuza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Ile herufi ya chuma ya kuonyesha upande ilipotea mwezi wa tano, sasa mimi naandika kwa mkono." Akamgeukia Ngatia. "Mzee, nisamehe. Nilijitukana mpaka nikaambia bibi yangu nazeeka."

Ngatia hakujua kama acheke ama ampige. Siku mbili za bucha kufungwa, usingizi, aibu mbele ya benchi nzima, na wakati wote moyo wake ulikuwa kwenye picha mahali pake pa kweli, na mtu akaugeuza kwa vidole viwili.

"Saa ngapi?" akauliza.

Lakini daktari hakusikia. Uso wake wote ulikuwa umewaka kama mtoto aliyeletewa baiskeli. "Nilisoma kwenye vitabu tu! Sijawahi kuona! Mzee, kifua kama hiki unaweza kufanya kazi miaka arobaini usikutane nacho. Na ini? Lazima tuangalie kama ini nayo imehama. Lala hapa. Nasi, ita wanafunzi wa uuguzi wote. Wote! Moffat, tengeneza mashine."

"Daktari, cheti."

"Ndiyo, ndiyo, cheti. Kwanza lala."

"Kwanza cheti." Ngatia alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ini itangoja. Laiseni haingoji. Ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu," Moffat akasema.

"Lakini siwezi kuandika kabla ya kumaliza kupima," daktari akasema.

"Wewe umeniambia kifua hii hutapata tena miaka arobaini. Basi nikienda nayo?" Akachukua shati lake, akaingiza mkono mmoja. "Weka sahihi, na utakaa nayo mpaka jioni. Ita wanafunzi, ita mpishi, ita na askari wa geti. Usipoweka, naenda nayo nyumbani, na hutaiona."

Daktari akamtazama, akatazama ule mkono mmoja kwenye shati. Akachukua karatasi. Aliandika haraka: mapafu mazima, moyo mzima, anafaa kazi. Akasita, akaongeza mstari mmoja chini, akagonga muhuri. Watiri hakungoja wino ukauke. Aliipokea kwa ncha za vidole, akavua viatu, akavishika mkononi pamoja na leso, na kitu cha mwisho Ngatia aliona ni nyayo zake zikipotea kwenye korido.

Akalala. Wakaja wanafunzi kumi na mmoja, wasichana wadogo wa rika la binti yake Gathoni, wamevaa kofia nyeupe. Ngatia akafunga macho kwa aibu. Mmoja mmoja, chuma baridi, kulia, kushoto, kulia. "Vuta pumzi, baba." "Shikilia, baba." Daktari akafuata mipaka kwa kugonga na vidole, na pale alipopata akachora kwa pamba iliyochovywa dawa ya zambarau: moyo hapa, ncha yake hapa, ini, naam, ini nayo imehamia kushoto, bandama kulia. Alimchora kama ramani ya shamba linalogawanywa. Na Ngatia hakuwa anasikia hata kimoja. Alikuwa anahesabu barabara kichwani: sasa amepita stendi, sasa amefika kona ya soko, sasa kuna lori limemzuia, sasa kuna mtu anafunga dirisha.

Saa nane kasorobo Watiri akaingia, tope mpaka magotini. Wanafunzi wakampisha.

"Bwana afya alikuwa anafunga mlango," akasema. "Nikaweka mguu."

"Na?"

"Amesoma huo mstari wa chini mara tatu. Ameniuliza kama mtu wa moyo kulia anaweza kuchinja vizuri. Nimemwambia aje aulize mbuzi."

"Watiri! Amepiga muhuri ama hakupiga?"

"Amepiga."

Ngatia akatoa pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu Jumatatu, na mwanafunzi wa tisa, aliyekuwa anasikiza, akaruka nyuma na kushika masikio.

Ile dawa ya zambarau haikutoka kwa sabuni, wala kwa majivu, wala kwa mafuta ya kondoo. Jumatatu asubuhi Ngatia alifungua bucha na shati limefungwa mpaka kooni. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Walikuwa wengi kwenye baraza, kuliko siku ya Krismasi, na hakuna hata mmoja mwenye kikapu. Askari wa zamani alikuwa amekuja kutoka mjini. Akina mama wa kanisa walisimama mbele. Ndungu mwenyewe alikuwa hapo nyuma, bila kamba, ameinua shingo.

"Mzee Ngatia, tunasikia iko upande ingine," mmoja akaanza. "Tuonyeshe kidogo tu."

"Ati wamekuchora na ramani?"

"Tuguse tu, mara moja!"

Ngatia akashusha paja la mbuzi kutoka kwa ndoano, akalitupa kwenye gogo, akachukua kisu. Hakujua hasira ilikuwa ya nani tena, ya daktari ama ya Moffat ama ya hao watu wote waliojaza baraza na hawanunui. Akawatazama mmoja mmoja, kifua kwa kifua, mioyo yao yote imekaa kushoto bila shida yoyote.

"Kifua yangu si ya kuuza," akasema. "Hii hapa ndiyo ya kuuza. Ratili ngapi?"